Mtama wa Gunia: Ulikotoka na Ulikopita

Kila siku ya mgao swali ni lile lile kwenye kikundi chetu cha vijana hapa Kakuma: kwa nini mtama? Sisi tuliotoka Kongo tumezoea ugali wa muhogo na wa mahindi. Wenzetu wa Sudan na Sudan Kusini hawana neno, kwao mtama ni chakula cha heshima, wanakula tangu wanaachishwa ziwa. Warundi wanasema amasaka ni ya pombe na uji, siyo ya kula asubuhi na jioni mpaka mwezi uishe. Halafu huwa kuna mmoja anafunga mazungumzo: "Hicho ni chakula cha ng'ombe wa Marekani, bana." Wote wanacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Nafanya kazi na vijana mwaka wa nne sasa. Nimeona kwamba mtu akisema "chakula cha ng'ombe" haongelei ladha, anaongelea jinsi anavyoonekana na yule anayempa. Kwa hiyo nikaanza kusoma kuhusu huu mtama, jioni kwenye maktaba na mengine kwa simu ya kuazima. Nimeandika hapa nilichokipata, kwa ajili ya sisi tunaopanga foleni, na pia nyinyi wa mashirika mnaosimama upande ule mwingine wa mizani.

Niseme ukweli mapema: yule kijana hajakosea kabisa. Marekani mtama mwingi unalishwa mifugo, na mwingine unatengenezwa pombe ya kuendeshea magari. Lakini Marekani hakukuwa na mtama. Ulipelekwa, na ulipofika haukuzoea haraka, ulisumbua miaka mingi. Kuna watu walihangaika nao zaidi ya miaka mia moja mpaka ukakubali kuzaa kwenye nchi ya baridi.

Ulitoka wapi? Ulitoka Afrika, upande wetu huu. Mashariki ya Sudan, karibu na mji wa Kassala, watafiti walichukua vipande vya vyungu vya zamani sana, vya kama miaka 5,000 iliyopita. Wafinyanzi wa wakati ule walichanganya makapi ya mtama kwenye udongo ili chungu kisipasuke. Makapi yaliungua motoni lakini alama zake zilibaki ndani ya udongo. Walipozichunguza wakaona mtama ule ulikuwa umeanza kubadilika kutoka wa porini kuwa wa shambani: punje hazipukutiki zenyewe, zinasubiri mkono wa mtu. Huo ndio ushahidi wa zamani zaidi wa mtama wa kulimwa tulio nao. Yaani mtama ulianza kulimwa nyumbani kwa watu tunaopanga nao foleni bombani.

Kutoka huko ukaenda kila upande. Ukafika India, ukafika China, ukashuka mpaka kwa Wazulu. Ukavuka bahari pia na watu waliofungwa minyororo: kwenye visiwa kama Barbados na Jamaika, watumwa walilishwa mtama ulioitwa "mahindi ya Guinea", na walipopata kipande cha ardhi walipanda wenyewe. Huko hakukuwa na shida ya kuzaa kwa sababu visiwa vile vina joto kama kwetu. Shida ilianza ulipopanda kaskazini.

Mwaka 1851 balozi mdogo wa Ufaransa kule Shanghai, jina lake Montigny, alituma kwao mbegu za mtama mtamu kutoka kisiwa cha Chongming. Huu ni ule wenye bua la sukari, ambao watoto wanautafuna kama muwa; watu wa pwani wanaliita kota. Mwaka 1854 Mmarekani aitwaye Browne, aliyekuwa akifanya kazi serikalini, akauona Ufaransa akabeba mbegu kwenda nazo kwao. Miaka hiyo hiyo Mwingereza Leonard Wray aliwakuta Wazulu wa Natal wakilima aina nyingi za mtama mtamu, wenyewe wakiuita imfe. Akakusanya mbegu, akazijaribu Ulaya, halafu 1857 akazifikisha South Carolina, kwenye shamba la James Henry Hammond.

Hapa nilisimama kusoma kidogo. Hammond alikuwa gavana wa zamani, na mwaka uliofuata, 1858, akiwa seneta, alitoa hotuba maarufu ya kusema pamba ni mfalme na hakuna wa kuigusa. Alikuwa na watumwa mamia. Kwa hiyo mbegu za Wazulu zilifika Marekani zikaingia kwenye mikono ya Waafrika waliokuwa mali ya mtu. Sijakuta mahali palipoandikwa walisema nini walipoliona bua lile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, watu wa Kaskazini walikosa sukari ya Louisiana. Ndipo mtama mtamu ukapata nafasi. Wakulima walikamua mabua kwa kinu kinachozungushwa na farasi, wakachemsha maji yake mpaka yawe mazito kama asali. Wale waliopinga utumwa waliupenda zaidi, maana ulikuwa utamu ambao haukulimwa na mtumwa. Sensa ya Marekani ya kabla ya vita ilihesabu karibu galoni milioni 7 za asali hiyo kwa mwaka. Mwaka 1879 zilifika milioni 28. Baadaye sukari ya viwandani ikawa rahisi na mtama mtamu ukabaki kwa wazee wa vijijini.

Lakini mtama wa gunia letu si ule mtamu. Wetu ni wa punje, na historia yake imepita kwenye nchi tambarare na kavu za Kansas, Oklahoma na Texas. Wahamiaji walifika huko wakiwa na mahindi, na mahindi yakawaua kwa njaa, maana jua la kule likikaza wakati wa kuchanua hakuna kitu. Mtama unakunja majani, unasimama kukua kama umelala, na mvua ikirudi unaamka. Mwaka 1876 kulikuwa na maonyesho makubwa mjini Philadelphia, na mtama wa Afrika Kusini ulikuwepo. Wamarekani wakauita "kafir corn". Hilo neno walilichukua kwa Wazungu wa kule waliokuwa wakiwaita hivyo watu weusi, na leo ukimtamkia mtu Afrika Kusini unaweza kufungwa. Mwaka 1911 mji wa El Dorado huko Kansas uliufanyia mtama huo sherehe kubwa, wakajenga mapambo ya barabarani kwa masuke. Mtama wameupenda, jina la mwenyewe wamelifanya tusi. Kati ya 1900 na 1910 zikaongezwa aina za Sudan: feterita na ile waliyoiandika "hegari". Msudani wa hapa kambini ukimtajia feterita anatabasamu, anaijua.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Nitaieleza kwa habari ya mama mmoja Mrundi aliyekuwa jirani yetu wa bloku. Walihamishiwa Marekani, jimbo moja la baridi kaskazini. Akapata kipande cha bustani ya jumuiya, na Mrundi mwenzake wa huko akampa mbegu za amasaka za nyumbani. Akapanda. Mwezi wa tisa akamtumia mama yangu sauti kwenye simu: mtama umepita mlango, majani mazuri, mabua manene, lakini hakuna suke hata moja. Majirani wanapita wanauliza ni maua gani hayo. Mwezi wa kumi akatuma tena, safari hii anaongea polepole. Usiku mmoja jalidi ilianguka, asubuhi shamba zima limelala, jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto. Alisema, "Ardhi ya huku imenikataa." Mama yangu hakujua la kumjibu, mimi pia.

Kumbe si ardhi, ni mchana. Hebu fikiria saa yetu ya Kiswahili. Jua likichomoza tunasema saa kumi na mbili, likizama saa kumi na mbili, na mwaka mzima haibadiliki sana. Hapa Kakuma tuko karibu na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni kama dakika 25 tu. Nenda Kansas mwezi wa sita: mchana ni karibu saa 15. Kaskazini zaidi ni zaidi ya hapo. Saa yetu ya Kiswahili isingezaliwa kule.

Mtama nao una saa ndani yake. Ule wa kwetu hautoi suke kwa kuwa umetimiza siku fulani tu. Unasubiri mpaka usiku uwe mrefu vya kutosha, ndipo unajua wakati wa kuzaa umefika. Kwenye nchi nyingi za Afrika hiyo ni akili nzuri: hata ukipanda mapema au umechelewa, suke linatoka mvua zinapoelekea kuisha, punje inakauka vizuri bila kuoza. Ukiupeleka kaskazini unaona mchana mrefu, unasema bado, unaendelea kurefuka. Siku zinapokuwa fupi vya kutosha ni mwezi wa tisa, na jalidi iko njiani. Tena ule wa milima ya Burundi una safari ndefu hata nyumbani, miezi saba hivi. Mama jirani alishindwa mara mbili kabla hajaanza.

Wamarekani wenyewe walikuwa hawajui sababu. Mwaka 1920 watafiti wawili, Garner na Allard, ndio walioieleza, na walianzia kwenye tumbaku iliyokuwa ikirefuka majira ya joto bila kuchanua. Walijenga kibanda cha giza, wakawa wanaingiza mimea ndani mchana haujaisha na kuitoa asubuhi. Ile iliyofupishiwa mchana ikachanua. Kibanda tu, bila mashine ya ajabu.

Ila wakulima walikuwa wametangulia kwa macho. Kuna aina inayoitwa milo, ilifika ikiwa ndefu na ya kuchelewa. Mara chache kati ya maelfu ya mimea unaona mmoja mfupi, umetoa suke mapema. Jeni yake imebadilika, ile saa imeharibika, haijali tena urefu wa mchana. Kwa mtama wa porini huo ni ulemavu. Kwa mkulima anayeogopa jalidi ni dhahabu. Walikata masuke ya mimea hiyo wakayatunza kuwa mbegu, mwaka hadi mwaka. Ndivyo mtama ulivyokuwa mfupi na wa haraka. Miaka ya 1930 mtaalamu wa Oklahoma, John Sieglinger, alitoa mbegu fupi kiasi cha kuvunwa kwa mashine, na baadaye Quinby wa Texas akaonyesha ni jeni chache tu zinazoamua mtama uwahi au uchelewe.

Kwa hiyo ukiniuliza namna ya kupanda mtama ukafanikiwa nchi ya baridi, maana kuna wanaosubiri safari na wana ndugu huko, jibu linatoka kwenye historia hii. Mbegu iwe ya muda mfupi na ambayo haisubiri usiku mrefu. Ukibeba imani kwamba mbegu ya nyumbani ni bora kila mahali utalia kama jirani yetu. Pili, usiwe na haraka. Kule mahindi yanapandwa mwezi wa nne, mtama unangoja. Udongo ukiwa baridi punje inaoza chini kabla haijaota. Wakulima wa Kansas wanasubiri udongo ufike nyuzi 15 au zaidi kwa kina cha kidole, kwa hiyo ni mwisho wa mwezi wa tano, wengine mpaka wa sita. Usifukie sana, sentimita tatu zinatosha, punje ni ndogo haina nguvu ya kutoka chini. Ukihesabu tangu hapo mpaka jalidi una miezi minne hivi, usichezee wiki hata moja. Na mtama mchanga au uliopigwa na jalidi usimpe mnyama, una sumu kali kwenye majani. Hata hapa kwetu mbuzi wa jirani akiingia kwenye mtama mchanga anaweza kufa, na hiyo ni kesi ya kupelekwa kwa mzee wa bloku.

Niliyarekodi hayo nikamtumia mama jirani. Mwaka uliofuata alinunua mbegu ya huko, akapanda mwezi wa sita ulipoanza, akavuna ndoo mbili. Alilalamika kwamba mtama ni mfupi kama mtoto wa shule ya chekechea na uji wake hauna harufu. Hapo sina dawa.

Kuna sehemu ya mwisho ambayo mimi naiona ndiyo nzito. Kufikia miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa na mbegu chotara zenye mavuno makubwa, lakini zote zilikuwa watoto wa familia chache. Ugonjwa mmoja ungeweza kufuta kila kitu. Walihitaji damu mpya, na damu ilikuwa Afrika, ndani ya mitama mirefu inayokataa kuzaa Texas. Mwaka 1963 Wizara ya Kilimo ya Marekani na chuo cha Texas A&M wakaanza mpango. Walikusanya mitama ya Sudan, Ethiopia, Nigeria, Uganda na kwingine. Wakaipanda Puerto Rico majira ambayo mchana wa kule ni mfupi, ikachanua, wakaizalisha na mtama mfupi wa Kimarekani. Wajukuu wake wakapandwa Texas kwenye mchana mrefu. Waliozaa mapema wakiwa wafupi walichaguliwa, wakarudishwa Puerto Rico kuzalishwa tena na mzazi yule wa Kiafrika. Na tena, na tena. Mwisho wake ukawa mtama ambao karibu wote ni wa Afrika, isipokuwa zile jeni chache za urefu na za saa.

Katika yote niliyosoma sijakuta jina la mkulima hata mmoja aliyetoa punje zile. Zimebaki namba. Mtama mmoja wa aina ya zera-zera, wa upande wa Ethiopia na Sudan mpakani, unaitwa SC170. Sisi wenye kadi za mgao hatuhitaji kuelezwa kuitwa kwa namba kukoje. Kutokana na SC170 Texas walipata laini yao maarufu, Tx623. Na mwishoni mwa miaka ya 1970 kijana wa kijijini Ethiopia, Gebisa Ejeta, mtoto wa nyumba ya nyasi aliyesoma mpaka udaktari Marekani, alikwenda kufanya kazi Sudan. Akaichukua Tx623 ikawa mama wa mbegu chotara ya kwanza ya Sudan, Hageen Dura-1, iliyotolewa 1983. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Ukifuata njia hiyo kwa kidole kwenye ramani, punje imetoka mpakani ikaenda Puerto Rico, ikaenda Texas, ikarudi Khartoum, na aliyeirudisha ni jirani yake.

Njia nyingine ya kurudi ni gunia. Sheria ya Marekani ya 1954 iliruhusu serikali kununua mazao ya ziada ya wakulima wao na kuyapeleka nchi zenye njaa. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtama uliofika kwenye kambi zetu ulikuwa umesaidia watu wawili, sisi na mkulima wa Kansas aliyehitaji mnunuzi. Msaada uliposimamishwa kwa ghafla mwaka 2025, na yeye alibaki na ghala limejaa. Kwetu mnajua ilivyokuwa, sina haja ya kuandika.

Vijana wetu waliwahi kupanda mtama wa gunia pembeni ya bomba, pale maji yanapomwagikia. Uliota. Lakini punje ya shamba la mbegu chotara haizai mfano wa mzazi wake: mmoja ulifika magotini, mwingine kifuani, masuke yalitoka haraka yakiwa madogo, ndege wakamaliza. Ni kwa sababu mtama ule ulifundishwa nchi nyingine. Saa yake ilivunjwa makusudi ili uzae Kansas.

Wakati huo huo Waturkana, ambao tumezoea kuwaona kama watu wa mbuzi tu, wana mtama wao. Wanaupanda kando ya mito mafuriko yakipungua, na unakomaa upesi kabla udongo haujakauka, miezi miwili na siku kadhaa. Mama mmoja Mturkana anayetuletea makaa alituuzia kilo mbili za mbegu, akatucheka kwanza kwa dakika nzima. Wafanyakazi wa miradi ya bustani, nawaomba kwa heshima: kabla hamjaagiza pakiti za mbegu kutoka mjini, muulizeni huyo mama. Na mkiwaandika wanaotoa mbegu, andikeni majina yao.

Zile kilo mbili tumezigawa kwenye chupa za plastiki zilizokauka vizuri, na majivu juu kuzuia bungua. Mvua ya mwezi wa nne ikinyesha tunapanda nyuma ya kituo cha vijana. Anayetaka kiganja kimoja cha mbegu afike Jumamosi saa tatu asubuhi na chombo chake, na akivuna arudishe viganja viwili.